Kiswahili na Mstari wa Amri: Asiyekuwepo na Lake Halipo

Kila wanapokutana wanafunzi wa Kiswahili katika makongamano yao, hakukosi mada kuhusu Kiswahili na teknolojia ya habari na mawasiliano. Wawasilishaji hurejelea mifano ile ile: iwapo chombo kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, iwapo mtandao uitwe wavuti au mdahalishi. Mjadala huwa motomoto, makofi hupigwa, maazimio hupitishwa. Kisha wajumbe hurejea makwao na kuzifungua tarakilishi hizo hizo ili wachape insha zao, wazihifadhi na kuzifunga. Ni nadra mjumbe kusimama na kutangaza kwamba amekitumia chombo hicho kukichunguza Kiswahili chenyewe, na kwamba haya ndiyo aliyoyapata.

Makala haya yanashikilia kwamba kiini cha tatizo hilo si uhaba wa istilahi. Tatizo ni woga. Katika tarakilishi ipo pembe moja ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huiogopa kuliko nyingine zote, nayo ni kile kiwambo cheusi chenye maandishi meupe na kimstari kinachopepesa, yaani mstari wa amri. Huiogopa akidhani kwamba ni milki ya wanasayansi na ya Kiingereza. Waama, hapo ndipo mahali ambapo lugha yake haihitaji kibali cha mtu yeyote ili ifanyiwe kazi. Aidha, hapo ndipo penye ufa ambao hautazibwa na mtu mwingine isipokuwa mjuzi wa Kiswahili.

Bomba ni nini?

Mstari wa amri ni mahali ambapo mtumiaji huiamuru tarakilishi kwa kuandika badala ya kubofya. Huandika jina la programu, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na programu hutekeleza. Kila programu ya aina hii huanza kazi ikiwa na milango mitatu: mmoja wa kupokea, wa pili wa kutoa, na wa tatu wa kulalamika pindi mambo yanapokwenda mrama. Mtumiaji asiposema lolote, mlango wa kupokea huelekezwa kwenye kibodi, na ile miwili mingine hufunguka kiwamboni. Lakini akiweka alama ya mstari wima, |, baina ya majina ya programu mbili, mambo hubadilika. Kinachotoka katika mlango wa kutoa wa programu ya kwanza humiminika moja kwa moja katika mlango wa kupokea wa programu ya pili. Malalamiko hayapiti humo. Hayo huendelea kumfikia mtumiaji mwenyewe ili ajue palipoharibika. Alama hiyo ndiyo bomba.

Aliyelelewa pwani hahitaji mfano wa kigeni ili alielewe jambo hili. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha yakatiwa maji, yakakamuliwa katika kifumbu, na tui likateremka chunguni. Mbuzi hakamui, kifumbu hakikuni, chungu hakifanyi lolote katika hayo mawili. Kila chombo hufanya kazi moja na kuifanya vyema, na kinachotoka katika kimoja ndicho kinachoingia katika kingine. Vivyo hivyo bara: mahindi hutwangwa kinuni, yakapepetwa kwa ungo, unga ukachekechwa. Hakuna mpishi aliyewahi kudai kwamba aundiwe chombo kimoja kikubwa kinachokuna, kukamua, kupika na kupakua.

Bomba lina adabu yake. Ndani yake mna hifadhi ndogo. Katika mfumo wa Linux, kwa kawaida ni kilobaiti 64. Hifadhi hiyo ikijaa, programu inayotoa husimamishwa hadi inayopokea inywe kidogo. Ikikauka, inayopokea hungoja. Programu zote mbili huwa zinafanya kazi kwa wakati mmoja, nayo mawasiliano yao hayahitaji zijuane. Ile ya kwanza haijui inamwandikia nani; ile ya pili haijui imeandikiwa na nani. Kinachoziunganisha ni mapatano mamoja tu, kwamba ujumbe uwe matini ya kawaida, mstari baada ya mstari.

Wazo hili lina historia. Mnamo Oktoba 1964, Doug McIlroy, mtafiti katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, aliandika waraka akipendekeza kwamba programu ziwe zikiunganishwa jinsi mtu anavyounganisha vipande vya mpira wa kunyweshea bustani. Pendekezo hilo lilikaa miaka mingi bila ya kutekelezwa. Mnamo 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa uendeshaji uliokuja kuitwa Unix, na mwaka 1973 Thompson akatia mabomba ndani ya mfumo huo. Kwa masimulizi ya McIlroy, kazi hiyo ilifanywa kwa usiku mmoja, na siku zilizofuata kila mtu pale maabarani alikuwa akiandika mistari mipya ya programu zilizounganishwa. Subira ya miaka tisa ilikuwa imevuta heri.

Maandishi katika chimbuko la teknolojia

Mwanafunzi wa fasihi anaposikia habari hizi hudhani kwamba anasimuliwa mambo ya wahandisi. Hapo ndipo anapokosea. Mfumo wa Unix ulilelewa na maandishi tangu uchanga wake. Waasisi wake walipotaka tarakilishi kubwa zaidi, walikubaliwa kwa ahadi kwamba wangeunda mfumo wa kushughulikia matini, na mnamo 1971 watumiaji wao wa kwanza walikuwa watayarishaji wa hati katika idara ya hataza ya maabara hiyo. Haikuwa idara ya hesabu wala ya roketi.

Kisa cha programu iitwayo grep kinadhihirisha jambo hili zaidi. Lee McMahon, mtafiti katika maabara hiyo hiyo, alikuwa akichunguza Federalist Papers, yaani makala 85 yaliyochapishwa nchini Marekani kati ya 1787 na 1788 kutetea katiba mpya. Makala hayo yalitolewa kwa jina la bandia, na kwa muda mrefu wasomi walizozana kuhusu yupi kati ya Alexander Hamilton na James Madison aliyeandika yapi. McMahon alihitaji kusaka maneno na ruwaza katika matini hizo, lakini zilikuwa kubwa mno kwa kihariri cha wakati huo. Thompson akachomoa kutoka katika kihariri hicho sehemu ya kusaka, akaifanya programu inayojitegemea. Hiyo ndiyo grep, ambayo hadi leo hutumiwa kila siku na waundaji wa programu ulimwenguni kote. Wengi wao hawajui kwamba chanzo chake ni swali la mwanafasihi: nani aliyeyaandika haya?

Isitoshe, swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa njia ya kuhesabu. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa waraka wa McIlroy, wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha kitabu kilichohesabu maneno madogo madogo katika makala hayo. Hawakuhesabu istilahi nzito za siasa. Walihesabu maneno ambayo mwandishi hayafikirii anapoandika, mfano wa viunganishi na vihusishi. Makala 12 yaliyokuwa na utata yalielekea upande wa Madison. Mtindo wa mtu, kumbe, hujificha katika maneno ambayo yeye mwenyewe hayaoni.

Je, fasihi ya Kiswahili haina maswali ya aina hiyo? Inayo tele. Zipo tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, ilhali wataalamu hawajaafikiana kuhusu enzi alizoishi wala kuhusu tungo zipi hasa alizozitunga yeye. Zipo tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ambazo zilikusanywa miongo kadhaa baadaye na William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Kuhesabu maneno hakutayamaliza maswali hayo. Tungo zenyewe ni fupi, na zimepita katika vinywa na kalamu nyingi. Hata hivyo, ni aibu kwamba mwanafunzi wa leo huyajadili kwa kunukuu maoni ya waliomtangulia tu, ilhali chombo kilichozaliwa kwa ajili ya maswali ya aina hiyo hiyo kimo mkobani mwake.

Kiswahili ndani ya bomba

Mwaka 1986, Jon Bentley alimwomba Donald Knuth, mmoja wa mabingwa wakubwa wa taaluma ya tarakilishi, aandike programu ya kusoma matini na kutaja maneno yanayojitokeza mara nyingi zaidi. Knuth, aliyenuia kuonyesha mbinu yake ya kuandika programu kama insha inayosomeka, alitoa kazi nzuri iliyojaza kurasa kadhaa. McIlroy aliombwa aihakiki. Baada ya kuisifu, alionyesha kwamba kazi hiyo hiyo ingefanywa kwa mistari sita ya programu zilizokuwapo tayari, zikiunganishwa kwa mabomba. Kwa tarakilishi ya leo, mfano unaofanana na wake ni huu:

tr -cs A-Za-z '\n' < riwaya.txt | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn | head

Programu ya kwanza hubadilisha kila kisicho herufi kuwa mstari mpya, hivyo kila neno likakaa peke yake. Ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, ili "Mtu" na "mtu" yasihesabiwe kuwa maneno mawili. Ya tatu hupanga maneno kialfabeti. Ya nne huhesabu yale yanayofanana, nayo huweza kufanya hivyo kwa sababu tu ya tatu imekwisha kuyaweka pamoja. Haijui kulinganisha ila mistari iliyo jirani. Ya tano hupanga matokeo kuanzia idadi kubwa, na ya sita huonyesha kumi ya mwanzo. Mwanafunzi akiipa riwaya nzima, atajibiwa kabla hajamaliza kupiga chafya. Kazi hiyo kwa kadi na kalamu ingemla muhula mzima.

Na je, bomba litaulizia ni lugha gani inayopita? La. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawalitilii maanani. Kiswahili sanifu katika hati za Kirumi hakina herufi yenye kipambizo. Viwango vya usimbaji wa herufi vilivyotolewa Marekani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya Kiingereza vilitosha pia kuandika Kiswahili sanifu chote. Lugha jirani hazikuwa na bahati hiyo: Kikuyu na Kikamba huhitaji ĩ na ũ, na Kiswahili chenyewe kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, kama kilivyoandikwa kwa karne kadhaa katika tenzi za Lamu na Pate, kilikuwa nje ya mlango. Ilibidi kungoja usimbaji uitwao UTF-8, ulioundwa mwaka 1992 na Ken Thompson yule yule akishirikiana na Rob Pike, ndipo lugha hizo zote zikaanza kupita katika bomba lile lile bila ya bomba kubadilishwa. Mapatano ya matini ya kawaida yamewafungulia wengi ambao waliokubaliana hapo mwanzo hawakuwawazia.

Lakini heri ya mwenyeji isimlewesha. Mstari ule wa amri, ukipewa Kiswahili kama ulivyo, utafanya kosa ambalo mtoto wa darasa la tatu angelicheka. Kwa kuwa umeagizwa kuondoa kila kisicho herufi, utakutana na neno "ng'ombe" na kulikata vipande viwili, "ng" na "ombe". Ng'ombe wote wa riwaya watakuwa wamechinjwa, na "ng'ambo" itakuwa imezama. Dawa yake ni ndogo: kuongeza alama ya ritifaa katika orodha ya herufi zinazoruhusiwa, kwa kuandika "A-Za-z'" mahali pa A-Za-z. Hata hivyo, mtu akiichapa matini yake katika programu ya kawaida ya kuandikia, mara nyingi ritifaa hiyo hugeuzwa kimyakimya kuwa alama iliyopinda, na ng'ombe watachinjwa tena. Itabidi programu nyingine iwekwe mwanzoni mwa bomba ili kuirejesha alama iliyonyooka. Ni nani atakayeliona kosa hili katika orodha ya maelfu ya maneno? Mhandisi asiyejua Kiswahili atadhani "ombe" ni neno. Mwanafunzi wa Kiswahili ataligundua kwa kutupa jicho mara moja.

Ritifaa ni kosa dogo. Lililo zito ni la mofolojia. Programu ya kuhesabu huchukulia kwamba neno ni kile kilicho baina ya nafasi mbili, dhana inayofaa kwa kiasi fulani katika Kiingereza. Katika Kiswahili, "alisoma", "anasoma", "hakusoma", "waliosoma" na "asipowasomea" yatahesabiwa kuwa maneno matano yasiyo na udugu wowote. Mwanafunzi akiamua kutumia grep kusaka kiini "soma", matokeo yake yatakuwa kichekesho: baada ya herufi zote kuwa ndogo ataletewa "somalia" na "msomali", na wakati huo huo atanyimwa "amesomea", "walisomeshwa" na "msomi". Akipunguza akasaka "som" peke yake, atawapata msomi na somo, lakini Somalia bado imo. Na baada ya hayo yote, "mbuzi" wa kukunia nazi na mbuzi wa kuchinjwa Idi watabaki kuwa mmoja, kwani mashine haijui jiko wala zizi.

Haya si mapungufu ya bomba. Bomba hupitisha kilichotiwa. Kinachokosekana ni programu moja ndogo katikati ya mkondo, baina ya ile inayotenganisha maneno na ile inayoyahesabu, ambayo itapokea "asipowasomea" na kutoa viambishi vyake na mzizi wake. Programu ya namna hiyo haiandikwi kwa ujuzi wa tarakilishi pekee. Huandikwa kwa ujuzi wa ngeli, njeo, ukanushi, urejeshi na unyambuaji, mambo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa tangu mwaka wa kwanza na kuulizwa katika kila mtihani.

Wapo walioanza kazi hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Arvi Hurskainen alijitosa tangu miaka ya 1980 katika kuunda mfumo wa SALAMA unaochanganua maneno ya Kiswahili, na hazina kubwa ya matini za Kiswahili ikakusanywa huko huko. Jirani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliozaa, mwaka 2004, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi hizo zinastahili shukrani, na mgeni aliyejenga nyumba ya jirani halaumiwi. Wa kulaumiwa ni mwenyeji anayepita nje ya nyumba hiyo kila siku bila ya kubisha hodi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ikiwa uamuzi kuhusu lipi liwe neno na lipi liwe mzizi katika Kiswahili cha mashine utafanywa mbali na wazawa wa lugha, basi wazawa wasishangae mashine hizo zitakapowarudishia Kiswahili kilichokatwa kama ng'ombe yule.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni la Kiingereza. Atasema mtu: hizo amri zenyewe, sort na uniq na grep, si Kiingereza kilichokatwakatwa? Kiswahili kitapata wapi nafasi? Jibu ni kwamba nafasi ipo, wala haihitaji baraza. Mstari wa amri humruhusu mtumiaji kuipa programu jina alitakalo. Akiandika alias panga='sort', tangu hapo neno "panga" litapanga. Akiendelea hivyo na nyingine, ataweza kuandika mstari unaosomeka: maneno riwaya.txt | ndogo | panga | hesabu. Si uzushi huo. Katika filamu ya Bell Labs ya mwaka 1982, Brian Kernighan alipotaka kuwaonyesha watu wa kawaida jinsi mabomba yanavyoweza kusahihisha tahajia, naye aliyatumia majina ya kueleweka badala ya vifupisho. Alichokifanya kwa Kiingereza kinaweza kufanywa usiku wa leo kwa Kiswahili.

Aidha, kutumia ndiko kunakozaa istilahi sahihi. Ipo amri iitwayo kill. Mtafsiri aliyejifungia na kamusi ataiita "ua" na kuendelea na safari yake. Aliyeitumia anajua kwamba kazi yake ni kutuma ishara kutoka kwa mtumiaji hadi kwa programu inayoendelea kufanya kazi. Isipoambiwa vingine, hutuma ishara nambari 15, inayoiomba programu ifunge shughuli zake na kuondoka. Programu huweza kuhifadhi kazi yake kwanza, na hata kukaidi. Ishara nambari 9 ndiyo isiyokataliwa, kwani programu haipewi nafasi ya kuipokea. Mfumo wenyewe huiondoa. Mwenye kuyajua hayo hataandika "ua". Pengine ataandika "arifu", pengine "tuma ishara". Mjadala wa hawa wawili hauwezi kuamuliwa kwa makofi ya ukumbini.

Pingamizi la pili ni la wanafasihi wenyewe. Husemwa kwamba kuhesabu maneno ni kuiua fasihi, kwamba riwaya si gunia la mahindi lipimwe kwa kibaba. Hoja hii ina uzito, na ni kweli kwamba idadi haifasiri. Orodha ya maneno ya riwaya yoyote ya Kiswahili itaongozwa na "ya", "na", "wa" na "kwa", na hakuna atakayelizwa nayo. Lakini mhakiki anapodai kwamba mwandishi fulani amejaa taswira za bahari, au kwamba mtindo wake ulibadilika uzeeni, huwa ametoa dai la idadi bila ya kuhesabu. Akihesabu, huenda akathibitisha. Huenda pia akaona haya. Katika hali zote mbili, uhakiki utakuwa umefaidi. Nambari huleta ushahidi mlangoni, naye msomaji ndiye anayeketi na kuamua.

Pingamizi la tatu ni la uwezo: vifaa ni ghali. Hata hili limepungua nguvu. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hupatikana bila malipo na huweza kuipa uhai tarakilishi kuukuu. Tarakilishi za Apple zina mstari wa amri wa jamii ya Unix ndani yake, na tangu 2016 Windows nayo humruhusu mtumiaji kuendesha programu za Linux. Simu za Android zenyewe zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na zipo programu za kumfungulia mwenye simu kiwambo kile cheusi. Kilicho adimu ni matini. Tasnifu nyingi za Kiswahili zimehifadhiwa kama picha za kurasa, ambazo bomba haliwezi kuzinywa. Mwanafunzi anayenakili kwa uangalifu utenzi mmoja wa kale, usiobanwa na hakimiliki, akauhifadhi kama matini ya kawaida, atakuwa ameacha urithi mkubwa kuliko azimio lolote la kongamano.

Tamati

Kiswahili kina hadhi leo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, na tangu 2022 Julai 7 huadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hadhi hiyo ni njema, ila ni hadhi ya kupewa. Katika zama hizi za akili unde, ambapo mashine hulishwa matini kwa mabilioni ya maneno, lugha hupimwa pia kwa usafi wa matini zake na kwa idadi ya wenyeji wanaojua jinsi matini hizo zinavyochujwa.

Idara za Kiswahili hazina haja ya kungoja mtaala mpya ili zianze. Saa mbili kwa wiki katika maabara ya chuo, riwaya moja au utenzi mmoja, na programu sita zilizounganishwa kwa mabomba zatosha. Chama cha wanafunzi chaweza kuanzisha kundi la kunakili matini na kulipa kila kundi shairi lake. Mwanafunzi wa isimu akutane na mwenzake wa sayansi ya tarakilishi. Huyu alete ujuzi wa kuandika programu, yule alete ujuzi wa viambishi. Kila mmoja atakuwa chombo cha kazi moja, kama mbuzi na kifumbu, na tui litapatikana.

Kimstari kile kinaendelea kupepesa katika kiwambo cheusi. Hakimwulizi aketiye mbele yake anazungumza lugha gani. Kinangoja aandike.